Kabla hujasema fulani ana hela, toa madeni kwanza: tuhesabu mali halisi, watu wa Arusha na Moshi

#1 Mleta mada (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhasibu hapa Arusha. Wateja wangu wengi ni kampuni ndogo za utalii, maduka ya vipuri na wafanyabiashara wa jumla wa hapa na Moshi. Mwisho wa mwaka nawafungia hesabu, na kuna jambo nakutana nalo kila mara na linaniumiza. Mtu anajua vizuri kabisa anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Ukimuuliza atabaki na nini akimlipa kila anayemdai, anakaa kimya. Huku kwetu tunampima mtu kwa gari analoendesha, nyumba aliyoshusha kijijini na kiasi anachotoa kwenye mchango wa harusi. Vyote vitatu vinaweza kutoka kwenye mkopo mmoja.

Kipimo chenyewe hakina ugumu. Andika kila unachomiliki kwa bei ambayo mtu angekulipa leo. Andika kila unachodaiwa. Toa. Kinachobaki ndiyo mali yako halisi. Inaweza kuwa kubwa, inaweza kuwa sifuri, na inaweza kwenda chini ya sifuri, maana yake ukiuza mpaka vyombo vya ndani bado kuna mtu utakuwa unamkimbia. Kampuni zinaonyesha hivyo kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni. Viongozi wa umma nao, chini ya Sheria ya Maadili ya mwaka 1995, wanatakiwa kila mwaka kufikia 31 Desemba wawe wamepeleka tamko la rasilimali, maslahi na madeni yao. Angalieni hilo neno la mwisho. Hawaulizwi mali peke yake.

Nitoe mfano wa kutunga, lakini sura zake mtazitambua.

Jamaa yuko Njiro, ana kampuni ya utalii. Ana Land Cruiser mbili zilizorefushwa na kufunguliwa paa. Kila moja ilimgharimu milioni 140 mpaka kukamilika, ila leo akizipeleka sokoni atapata milioni 95 kwa kila moja, jumla 190. Gari lake la kutembelea milioni 35. Kiwanja Moshono milioni 40. Mahema na vifaa vya kambi milioni 10. Benki ana milioni 15. Nyumba anayoishi amepanga. Jumla ya mali: milioni 290. Ukimwona barabarani utasema huyu ameshamaliza.

Sasa upande wa pili. Benki bado inamdai milioni 165. Kuna mtu alimkopesha milioni 30 kwa maandishi. TRA milioni 9. Duka la vipuri milioni 8. Mishahara na posho za madereva milioni 6. Halafu kuna milioni 12 ambazo watu wengi hawaziandiki kabisa: malipo ya awali ya wageni watakaokuja Julai. Hela hiyo iko kwenye akaunti yake, lakini mpaka wageni wafikishwe Serengeti, walale na warudi, hiyo ni deni. Safari ikiahirishwa atairudisha. Jumla ya madeni: milioni 230.

Mali yake halisi ni milioni 60.

Upande wa Moshi, Pasua, kuna mama anauza mchele na ndizi. Ana nyumba yenye vyumba anavyopangisha. Dalali anamwambia ni ya milioni 85, lakini ya jirani inayofanana nayo iliuzwa 65, kwa hiyo tunaandika 65. Ana vipande vya UTT, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, vya milioni 9. Hisa zake za VICOBA milioni 2.2, mtaji wa biashara milioni 3, taslimu milioni 1.8. Jumla milioni 81. Anadaiwa na SACCOS milioni 4. Anabaki na milioni 77.

Mama wa Pasua anamzidi jamaa wa Njiro kwa milioni 17. Kwenye kikao cha harusi, nani atapewa kiti cha mbele?

Simsemi vibaya huyo jamaa. Ametoa ajira, analipa kodi, na anaweza kumpita mama yule ndani ya misimu miwili mizuri. Ninachosema ni kwamba biashara yake inasimama juu ya hela za watu wengine, na anatakiwa ajue kwa kiasi gani. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.5. Mwaka 2020, corona ilipoingia, walishuka hadi laki 6 na kidogo. Watu wa Arusha hatuhitaji kusimuliwa mwaka ule. Magari yaliegeshwa mstari mmoja, na aliyetaka kuuza lake alikuta kila mwenzake naye anauza. Bei ya gari ikaanguka, mkopo ukabaki palepale. Upande wa mali unapanda na kushuka na soko, ila upande wa madeni umeandikwa kwenye mkataba.

Ndiyo maana nasisitiza bei ya leo. Gharama uliyotumia haihusiki. Uliyejenga kwa milioni 100 mahali ambapo hakuna atakayetoa zaidi ya 60, andika 60. Na wewe mwenye kiwanja kule Olmoti, tangu uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON 2027 uanze kujengwa, bei za mdomoni zimekuwa zikipanda kila mtu akipita. Bei ya mdomo usiiandike. Andika ile ambayo jirani yako aliuza na hela ikahesabiwa.

Jambo la mwisho kwa leo, na najua hapa tutagombana. Nyumba ya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo kule mlimani Kilimanjaro, naiandika sifuri.

Karibuni.

#2 Mdau wa Sakina

Mkuu, hapo kwenye malipo ya awali ya wageni umenigusa. Msimu uliopita kuna mwenzetu alitumia hela ya wageni wa Agosti kuwalisha wageni wa Juni, halafu wa Agosti wakaahirisha. Mpaka leo hajakaa sawa.

Swali: kodi ambayo bado sijaletewa makadirio, naiandika au nasubiri?

#3 Mleta mada

Iandike, mkuu. Kadiria kwa faida uliyoshapata mpaka sasa. Na kama umesajiliwa VAT, ile VAT uliyomtoza mteja haijawahi kuwa yako hata siku moja, wewe umeishika tu kwa niaba ya serikali. Wengi wanaikuta imeshaliwa siku ya kuiwasilisha.

Kwa wenye mikopo ya dola nina neno pia. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Anayedaiwa dola elfu hamsini na analipwa kwa shilingi, deni lake liliongezeka zaidi ya milioni 15 bila kukopa senti nyingine. Baadaye shilingi ikapata nguvu, deni nalo likapungua. Kwa hiyo deni la dola libadilishe kwa kiwango cha siku unayoandika. Cha siku uliyokopa kimeshapitwa.

#4 Mzee wa Kibosho

Kijana, nimesoma maandishi yako yote kwa utulivu. Mpaka pale ulipoandika sifuri.

Kihamba hiki alikiacha babu, akakaa baba, nimekaa mimi, na kitinda mimba wangu atakaa. Kahawa ya hapa ilipelekwa chama cha msingi, ikaenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikalipa ada yangu na ya ndugu zangu wanne. Wazee wetu wamelala hapa. Sasa unakuja na kalamu kuniambia ni sifuri? Hao wa Njiro wenye magari ya mkopo unawapa milioni 60, na mimi mwenye ardhi isiyodaiwa na mtu unanipa bure?

Sina hasira na wewe. Nataka uniambie umefikaje hapo.

#5 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kuuliza namna hiyo. Mimi mwenyewe asili yangu ni huko huko mlimani, nimelelewa kwa migomba ya kihamba, kwa hiyo ninachokiandika nakiandika nikijua uzito wake.

Mali halisi inajibu swali moja tu: leo, ukitakiwa kumlipa kila mtu, unaweza kutoa nini? Kihamba huwezi kukitoa. Hata kama kisheria njia ipo, ukoo utakataa, watoto watakataa, na wewe mwenyewe moyo hautakuruhusu kumuuzia mgeni mahali alipolala baba yako. Wewe ni mtunzaji, umekipokea na utakikabidhi. Kitu ambacho umeapa kutokiuza hakiwezi kukulipia deni, na ukikiandika milioni 200 kwenye orodha yako utajiona uko salama siku ambayo hauko salama.

Kwa hiyo nafanya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni vitu vinavyoweza kugeuka hela bila kuvunja ukoo. Ukurasa wa pili ni urithi: kihamba, nyumba ya kijijini, makaburi. Huo wa pili hauna tarakimu. Kuukosesha tarakimu hakuushushi hadhi. Kinyume chake, unakataa kuuingiza sokoni.

Na mazao ya kihamba yanaingia ukurasa wa kwanza bila ubishi. Kahawa iliyokaushwa ikiwa kwenye magunia inasubiri mnada wa Moshi, iandike. Ng'ombe wa maziwa, muandike. Parachichi ulizouza na hela bado hujalipwa, ziandike. Kinachotoka shambani ni chako, shamba ni la ukoo.

Ninachokiogopa hasa ni hiki. Kijana yuko Dar au hapa Arusha, anachukua mkopo wa mshahara wa miaka saba, milioni 60, ajenge kijijini ghorofa ambalo atalala wiki mbili za Desemba. Deni la kujengea kihambani linakaa ukurasa wa kwanza. Nyumba yenyewe inakaa ukurasa wa pili. Hela ya ule mkopo ikishaishia kwenye ujenzi, mali yake halisi imeshuka kwa milioni 60, na kila mtu anampongeza. Januari anarudi mjini kupanga chumba na sebule, mkopo ukikatwa kabla mshahara haujamfikia. Sisemi watu wasijenge nyumbani. Wajenge, tena wajenge vizuri, kwa hela waliyokwisha kuipata, hata kama itachukua miaka kumi na kila Desemba wanaongeza kozi tatu za tofali.

#6 Dereva boda, Kijenge

Kaka, mimi nina pikipiki ya mkataba. Mpya ilikuwa milioni 3, mkataba wote milioni 4.2, nimeshalipa 2.8. Kwa hiyo nina mali ya 2.8?

#7 Mleta mada

Hapana, mdogo wangu. Uliyolipa si kipimo. Angalia pikipiki ilivyo leo. Tuseme inauzika milioni 1.9, na bado unadaiwa milioni 1.4. Ukiihesabu kama yako, umebaki na laki 5.

Lakini soma mkataba kwanza. Mikataba mingi ya mtaani inasema ukishindwa marejesho mwenye pikipiki anaichukua na hakurudishii chochote. Kama wako uko hivyo, mimi ningeandika sifuri mpaka siku unakabidhiwa kadi yenye jina lako. Ukifika hapo unaruka kutoka sifuri hadi thamani nzima ya pikipiki kwa siku moja. Miezi iliyobaki ndiyo yenye hatari kubwa kwako kuliko yote, kwa sababu ajali moja au ugonjwa wa mwezi mmoja unakupotezea 2.8 yote. Ukiweza kukopa kwenye kikundi chenu kwa riba ndogo ukamaliza mapema, fanya. Usiende kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa. Na mikopo ya kwenye simu uwe makini nayo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni.

#8 Mama wa Mbuyuni, Moshi

Mwanangu, Mungu akubariki kwa somo. Mimi nina duka. Daftari la madeni lina milioni 3 na laki 4, watu wameandikwa majina, wengine tangu mwaka juzi. Hiyo ni mali yangu au siyo? Pia nilimdhamini shemeji yangu kwenye SACCOS, anaendelea kulipa vizuri. Hilo nalo niandike?

#9 Mleta mada

Shikamoo mama. Swali lako ni zito kuliko linavyoonekana.

Anayekudai ni deni, unayemdai ni mali, lakini mali hiyo ina thamani kwa kadiri inavyoweza kulipwa. Kaa na daftari jioni moja. Waliokopa mwezi huu na wanaendelea kupunguza, andika kamili. Waliokaa kimya miezi kadhaa lakini bado mnasalimiana, andika nusu. Wale wa mwaka juzi, andika sifuri. Kuandika sifuri si kusamehe, jina linabaki kwenye daftari na akija kulipa utapokea kwa mikono miwili. Ni kwamba hutapanga ada ya Januari kwa hela ambayo haijatokea tangu mwaka juzi. Nimewaona wenye maduka wanaojiamini wana mtaji wa milioni 10, ukichambua milioni 4 ni majina ya watu walioshahama mtaa.

Fanya hivyo hivyo kwa bidhaa zilizoko rafuni. Ziandike kwa bei uliyonunulia, ile ya kuuzia ina faida ndani yake na faida hiyo hujaipata. Zilizokaribia kuisha muda, punguza.

Kuhusu shemeji: udhamini hauingii kwenye jumla ya madeni maadamu analipa. Lakini andika chini ya karatasi, kwa wino mwingine, "nimemdhamini fulani, bado milioni kadhaa". Akianza kuruka rejesho, usisubiri barua. Uhamishie juu, uwe deni lako. Mtu anaweza kuwa hana deni hata moja kwa jina lake, akaamka siku moja anadaiwa milioni 8 za mtu mwingine.

#10 Mdau wa Ngaramtoni

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Hii hesabu inawafaa wenye mali. Mtu wa mshahara wa laki 5, amepanga, analipa ada, ahesabu nini? Na mtu wa miaka 34 kama mimi anatakiwa awe na kiasi gani ili ajue yuko sawa?

#11 Mleta mada

Mkuu, nadhani mtu wa mshahara mdogo ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu kosa moja kwake ni kubwa.

Kwanza, kuna jambo linalowachanganya wengi. Siku mkopo unapoingia kwenye akaunti hujatajirika hata shilingi moja. Fedha zimeongezeka milioni 5 na deni limeongezeka milioni 5, mali halisi imebaki ilipokuwa. Vivyo hivyo siku unapolipa deni kwa akiba yako, hujawa maskini. Kinachobadilisha mali halisi ni mambo machache tu: kile unachobakiza kwenye kipato, riba unayolipa au kulipwa, na vitu vyako kupanda au kushuka bei. Ukikopa milioni 5 ukala, miezi sita baadaye deni lipo na hakuna cha kuandika upande wa pili. Ukikopa ukanunua cherehani mbili zinazofanya kazi, angalau zipo na zinaingiza kitu.

Mhitimu anayeanza kazi na deni la Bodi ya Mikopo la milioni 9, hana kitu kingine, yuko chini ya sifuri kwa milioni 9. Aandike hivyo hivyo bila aibu. Anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Baada ya miaka kadhaa akifika deni la milioni 4 na ana milioni 2 kwenye mfuko wa uwekezaji, ametoka chini ya sifuri kwa 9 mpaka chini kwa 2. Amepanda milioni 7. Kwenye gari la daladala haonekani tofauti na alivyokuwa, lakini amepanda.

Kuhusu umri, sina namba ya kukupa na nakuomba usiitafute. Namba za wastani zinadanganya. Benki Kuu ya Marekani hufanya uchunguzi wa mali za familia kila miaka mitatu. Wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa zaidi ya dola milioni 1 kwa familia, lakini familia iliyo katikati kabisa, yaani nusu wako juu yake na nusu chini, ilikuwa na dola 192,900. Matajiri wachache walivuta wastani mara tano zaidi. Ukijilinganisha na wastani utajiona umefeli hata kama umewazidi wengi. Jilinganishe na karatasi yako ya mwaka jana.

#12 Broka wa mawe

Wakuu wote nawasalimu. Mimi niko kwenye tanzanite. Kuna mawe nayashikilia, mtu mmoja aliyaangalia akasema yanafika milioni 40. Nadaiwa milioni 22. Kwa hesabu yako niko juu kwa 18, sawa?

#13 Mleta mada

Ndugu yangu, aliyesema milioni 40 alitaka kuyanunua, au alikuwa anakupa moyo?

Jiwe ni mali halali, lakini ni kati ya vitu vigumu sana kuviandikia bei. Rangi, usafi, ukubwa, na nani anauza kwa nani, vyote vinabadilisha. Mfano mkubwa ni Saniniu Laizer. Juni 2020 alipouza serikalini mawe yake mawili, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, alilipwa shilingi bilioni 7.74. Mbele ya nchi nzima ikawa namba. Yalipokuwa bado mkononi mwake, yalikuwa makadirio. Hata kwa matajiri wanaotajwa na Forbes ni hivyo. Wakisema Mohammed Dewji ana zaidi ya dola bilioni 1, hawajaona fedha hizo zikiwa zimepangwa mahali. Wanakadiria thamani ya kampuni anazomiliki, na namba hiyo inapanda na kushuka kila mwaka wakati yeye yuko ofisini anafanya kazi zilezile.

Wewe chukua bei ya chini kabisa uliyoahidiwa na mtu mwenye hela mfukoni. Kama ni 25, basi uko juu kwa 3, na hiyo 3 usiitumie mpaka jiwe liondoke. Kisha jiulize deni la milioni 22 linadaiwa lini. Mtu anaweza kuwa na mali kuliko madeni na bado akadhalilika, kwa sababu deni linataka kulipwa Ijumaa na mali inahitaji miezi minne kuuzika. Ndiyo maana mimi pembeni ya kila mali naandika muda wa kuigeuza hela. Vipande vya UTT bei yake inatangazwa na ukiuza unapata ndani ya siku chache. Hisa za DSE, soko la hisa la Dar, zinategemea kama kuna mnunuzi siku hiyo. Kiwanja chenye hati, miezi. Kiwanja chenye karatasi ya mtendaji na mgogoro wa mpaka, sijui niseme nini.

#14 Mzee wa Kibosho

Kijana, kurasa mbili nimezikubali. Hilo la deni kukaa ukurasa wa kwanza na nyumba ukurasa wa pili nimemsomea mwanangu aliyeko Dar kwa simu. Alinyamaza. Ana mchoro wa ghorofa tayari.

Nami niongeze moja. Huo ukurasa wa pili uandikwe kweli, na mipaka iandikwe, masale, ile mimea ya mpaka, yamepandwa wapi na nani alikuwepo. Kesi nyingi huku mlimani ni za ndugu waliodhani kila mtu anajua.

#15 Mleta mada

Asante sana mzee. Hilo naliingiza kwenye karatasi ninayowapa wateja.

#16 Nesi, Moshi

Kaka, nina mambo mawili. Michango yangu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, naiandika? Halafu mimi na mume wangu tuandike karatasi moja au kila mtu yake? Nyumba iko kwa jina lake, ila mkopo wa bati na madirisha nilichukua mimi kazini.

#17 Mleta mada

Dada, michango ya PSSSF ni yako lakini huwezi kuitoa leo, na hata ukistaafu sehemu kubwa utaipata kama pensheni ya kila mwezi. Mimi naiandika mstari wake peke yake, chini ya jumla. Usiichanganye na vitu unavyoweza kuuza.

La pili ni zito. Angalia lilivyo kwenye makaratasi: deni liko kwa jina lako, nyumba iko kwa jina lake. Ukiandika karatasi yako peke yako wewe uko chini ya sifuri, na yake inaonyesha ana nyumba isiyo na deni. Zote mbili haziko sahihi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wa kila mmoja kwenye mali iliyopatikana ndani ya ndoa, na Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 ilisema hata kazi za nyumbani ni mchango. Nyumba mnayoishi haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako, hata kama jina ni lake. Lakini haki inayohitaji mahakama kuipata ni haki ya gharama.

Kwa hiyo fanyeni karatasi moja ya familia, mkiwa mmekaa wote wawili, na pembeni ya kila mstari andikeni uko kwa jina la nani. Risiti za bati na madirisha ziweke, pamoja na mkataba wa mkopo. Kama hati bado haijatoka, huu ndio wakati wa kuzungumza majina mawili yaingie, kabla afisa ardhi hajaanza kuandika. Ikishatoka bado inaweza kubadilishwa, ila kuna ada na mizunguko.

Mkimaliza na mkapata jumla isiyoeleweka, lete hapa tarakimu tu. Majina ya benki na namba za viwanja yaache nyumbani.